Umeshona, Imechanika Tena: Kutafuta Chanzo na Kurekebisha Nguo kwa Mkono

Kifungo kilichoshonwa Jumatatu kinadondoka Alhamisi. Kiraka cha paja kinashika wiki mbili, kisha kitambaa kinapasuka pembeni yake. Nguo nyingi zinazoishia kuwa matambara bado zina miaka ya kuvaliwa ndani yake. Tundu lilizibwa, lakini kilicholeta tundu kikaachwa palepale. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili: tafuta ya kwako, anza na sababu ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayotokea zaidi, na usishuke kwenye inayofuata kabla ya kuikagua ile ya juu.

Kabla ya kugusa sindano

Fua nguo na uikaushe. Vumbi na jasho hukigandisha kitambaa kikaonekana imara kuliko kilivyo, na nguo ya pamba inaweza kusinyaa baada ya kufuliwa, ikaacha mshono wako umekunjamana. Ipindue, ishike mbele ya dirisha lenye mwanga, kisha ujiulize mambo matatu.

Kilichokatika ni uzi wa mshono au ni kitambaa chenyewe? Uzi ukikatika, kazi ni ndogo. Kitambaa kikichanika, lazima kiongezwe kitambaa kingine au nyuzi nyingine.

Pembeni ya tundu pana nguvu? Weka vidole gumba viwili sentimita tatu kutoka ukingo wa tundu na uvute taratibu. Ukisikia nyuzi zikikatika, au kitambaa kikiachia kama karatasi iliyolowa, huna pa kushikiza mshono. Rudi nyuma hadi upate kitambaa kizima. Tundu lako halisi linaanzia hapo.

Ni nini kinachovuta au kusugua mahali hapo? Inaweza kuwa mkanda wa begi, ukingo wa dawati, tandiko la baiskeli, bunda la funguo mfukoni, au nguo kubana. Usipokijua, utarudi kwenye mshono huohuo mwezi ujao.

Kwa nguo za kawaida tumia uzi wa polista, ule wa 40/2 unaouzwa karibu kila duka la vifaa vya kushonea. Jinzi na turubai zinataka uzi mnene zaidi, kama 20/2. Uzi uliokaa juani dukani huoza: vuta kipande kwa mikono miwili, na ukikatika bila kukaza, uache. Kata urefu wa dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Uzi mrefu unaonekana kuokoa muda, lakini hujifunga mafundo, na kwa kupita kwenye kitambaa mara nyingi huanza kutoa manyoya kabla hujamaliza. Subana, kile kikofia kigumu cha kuvalia kidoleni unaposukuma sindano, si pambo. Ukishona jinzi bila subana, utaacha kusukuma sindano pale mishono inapotakiwa kuwa mingi.

Kifungo kinadondoka tena na tena

Sababu ya kwanza ni kifungo kukosa shina. Kimeshonwa kikagandamana na kitambaa, kwa hiyo kila unapokifunga, upande wenye tundu unalazimisha nafasi yake chini ya kifungo na kuukata uzi. Weka njiti ya kiberiti juu ya kifungo, shona ukiipitia, kila jozi ya matundu mara tatu kwa uzi uliokunjwa mara mbili. Chomoa njiti, vuta kifungo juu, leta sindano kati ya kifungo na kitambaa, uzungushie uzi mara nne au tano. Hilo ndilo shina. Toboa hadi upande wa ndani na ufunge kwa mishono miwili midogo iliyopandana. Fundo peke yake huchomoka.

Ya pili ni kitambaa cha nyuma kuchakaa. Dalili yake ni kifungo kung'oka na kipande cha kitambaa. Weka ndani kiraka kidogo cha mraba wa sentimita mbili, au kifungo kidogo bapa cha kushonea kwa pamoja na kile cha mbele. Koti zito linastahili kifungo hicho cha nyuma hata kama halijachanika.

Ya tatu ni kifungo chenyewe kuwa na makali. Pitisha uzi kwenye tundu lake, uusugue mara kumi. Ukitoa manyoya, tafuta kifungo kingine.

Ya nne ni tundu la kifungo kuwa jembamba, unalazimika kuvuta kwa nguvu. Chunguza kabla ya kukata: mara nyingi ni nyuzi zilizolegea zimeziba mlango.

Kifungo cha chuma cha jinzi, kile kilichogongelewa, hakishonwi. Kikitoka, tundu la kitambaa huwa limepanuka. Linahitaji kiraka kwanza, ndipo fundi mwenye kibonyezo agongelee kingine.

Mshono umefumuka

Angalia kingo za kitambaa. Kama ni nzima na nyuzi za mshono ndizo zimekatika, chanzo karibu kila mara ni uzi uliochoka. Pindua nguo, linganisha kingo mbili, bana kwa pini, ushone kwa kurudi nyuma: sindano itokee milimita tatu mbele, irudi pale mshono uliopita ulipoishia, itokee tena mbele. Anza sentimita mbili kabla ya palipofumuka na umalizie sentimita mbili baada yake. Wengi hushona pale pengo lilipo tu, na wiki inayofuata pengo linahamia pembeni.

Kama kitambaa kimevutika mbali na mshono na kuacha mistari ya nyuzi kama ngazi, nguo inabana. Hutokea sana makalioni na kwenye kwapa za blauzi za vitambaa laini vinavyoteleza. Kuongeza uzi hakusaidii. Uzi ukiwa na nguvu kuliko kitambaa, kitambaa ndicho kitakachokatika. Angalia kama kuna akiba ya kitambaa ndani ya mshono. Ikiwa ipo sentimita moja na nusu kila upande, shona mstari mpya karibu zaidi na ukingo, kisha fumua ule wa zamani. Nguo itapanuka kidogo na mvuto utapungua. Akiba ikiwa imekwisha, kwenye kwapa unaweza kuongeza kikwapa, kipande chenye umbo la almasi, lakini kama hujawahi kukata kitambaa kwa vipimo, kazi hiyo mpe fundi.

Kwa fulana na nguo nyingine zinazovutika, mstari ulionyooka utakatika mara ya kwanza utakapoivaa, kwa sababu kitambaa kinavutika na uzi hauvutiki. Peleka mishono kwa mshazari, moja kulia moja kushoto, bila kukaza.

Mapaja ya suruali yamelika

Hii ndiyo inayoua suruali nyingi kuliko nyingine yoyote, na ndiyo inayorekebishwa vibaya zaidi. Kwa hiyo tuikalie.

Chanzo cha kwanza ni msuguano wa kawaida wa kutembea, na mtu yeyote mwenye mapaja yanayogusana ataupata. Cha pili ni kuendesha baiskeli au pikipiki. Hapo kulika huanzia makalioni na kusogea mbele. Cha tatu ni jinzi zenye nyuzi za mpira: nyuzi hizo zikichoka, kitambaa hulegea, kikajikunja, na mikunjo husuguana. Cha nne ni suruali iliyokaa chini kuliko inavyopaswa, hivyo makutano ya miguu yanavutwa kwa kila hatua. Cha mwisho suluhisho lake ni mkanda.

Kagua suruali kabla tundu halijatokea. Iingize mkono ndani, ielekeze kwenye mwanga. Ukiona weupe na mwanga ukipenya kati ya nyuzi, huu ndio wakati wa kushona. Ukisubiri tundu, kazi itakuwa mara tatu.

Kitambaa cha kiraka kiwe chepesi kidogo kuliko suruali na kiwe kimekwisha kufuliwa. Kitambaa kipya cha pamba kikishonwa kabla ya kufuliwa kitasinyaa na kuvuta suruali. Kiraka kizito nacho ni hatari. Kitambaa kilichochoka kikifungwa na kigumu, msuguano wote unahamia kwenye ukingo wa kiraka, na suruali inapasuka hapo kwa mstari mmoja, kana kwamba imekatwa kwa wembe. Mguu wa jinzi kuukuu unatosha kwa suruali kadhaa.

Kata kiraka kipite eneo lililolika kwa sentimita tatu kila upande, na pembe zake uziviringe, kwa maana pembe kali hunyanyuka. Elekeza nyuzi za kiraka upande uleule wa nyuzi za suruali. Kiweke ndani, kizuie kwa bandi ndefu za uzi wa rangi tofauti ili uzione wakati wa kuzitoa. Kisha geuza nje na ushone mistari ya mishono midogo, milimita tatu hadi nne kila mmoja, mistari ikiachana kwa nusu sentimita. Pale palipobaki nyuzi nyeupe tu, isogeze mistari iwe karibu zaidi.

Jambo moja huamua kama kazi itadumu: mistari isiishie yote mahali pamoja. Mmoja uishie mbali, unaofuata uishie nyuma kidogo. Ukiipanga iishe sawasawa, umechora mstari wa kuchanikia. Na usikaze uzi. Baada ya kila mstari nyoosha kitambaa kwa kiganja ili uzi ulegee mahali pake.

Eneo lililolika likigusa makutano ya mishono minne katikati ya miguu, usijaribu kushona juu ya mlima huo. Fumua mshono wa ndani sentimita tano kila upande, ingiza ukingo wa kiraka ndani ya mshono, ufunge tena kwa mistari miwili sambamba.

Acha kazi kama kitambaa kinapasuka kwa kuvutwa na vidole hata kwenye goti na kalio. Suruali hiyo imeoza yote. Itumie kutolea viraka kutoka sehemu ya chini ya miguu, ambayo huwa nzima.

Kiraka kimejikunja au kinavuta

Anza na uzi. Vuta kitambaa kulia na kushoto. Mikunjo ikipotea kwa muda kisha ikarudi, ulikaza mno. Kata uzi kila mishono mitano na ushone upya, usiifumue yote kwa pamoja. Mikunjo ikitokea baada ya kufua, kiraka hakikufuliwa kabla, na hapo hakuna dawa ila kukitoa. Ikiwa kiraka kimepinda upande mmoja tu, kilikatwa kwa mshazari, nacho kitaendelea kuvutika kila kinapovaliwa.

Kwa nguo laini, kama mashuka, magauni ya kulalia na mashati ya pamba yaliyokonda, kanga iliyofuliwa miaka mingi ni kiraka bora kuliko kitambaa chochote cha kununua. Imekwisha kusinyaa, ni pamba, na wepesi wake unalingana na nguo iliyochoka.

Sweta au soksi ina tundu

Uzi ukiwa umevutwa nje lakini haujakatika, usiukate! Ukiukata, unafungua mlango wa tundu. Tumia sindano kuuvutia upande wa ndani, kisha nyoosha kitambaa pande zote mpaka uzi urudi nafasi yake.

Tundu likiwa limefunguka, kwanza zikamate zile pete ndogo za kufuma zilizo wazi kwa kupitisha uzi ndani yake, la sivyo zitaendelea kuachia hadi chini. Ingiza ndani kitu laini cha mviringo. Balbu iliyoungua inafaa sana kwa soksi. Anza sentimita moja na nusu nje ya tundu, kwenye kitambaa kizima. Pitisha nyuzi za mtande, moja kando ya nyingine, zikivuka tundu. Kisha mshindio: juu ya uzi mmoja, chini ya unaofuata, na mstari unaorudi ufanye kinyume. Kila unapogeuka, acha kitanzi kidogo cha milimita mbili, kwa kuwa uzi wa sufu au pamba utasinyaa ukifuliwa.

Kama uzi wako unakata sweta pembeni ya tundu, ni mwembamba na mgumu mno. Sweta hutengenezwa kwa uzi wa kufumia, na uzi wa cherehani huikata. Masweta mengi ya shule ni ya akriliki, hivyo tafuta uzi wa akriliki, na usipitishe pasi ya moto juu ya kazi. Akriliki hulainika na kubaki imelala bapa. Viwiko vya sare vinatoboka kwa sababu ya dawati. Ukivishonea kiraka cha ndani sweta ikiwa bado mpya, utaokoa gharama ya muhula mzima.

Zipu imegoma

Zipu inafunguka nyuma ya kichwa. Kichwa kimepanuka kwa kutumika. Kishushe hadi mwanzo, chukua koleo ndogo, ubane kingo zake mbili upande wa nyuma, ule ambako meno hutokea yakiwa yameshikana. Bana kidogo, jaribu, bana tena. Vichwa vingi vimesubuliwa kwa aloi ya zinki, na aloi hiyo huvunjika, haipindi. Kikishapasuka, nunua kichwa cha saizi ileile. Namba huwa imeandikwa mgongoni mwake.

Zipu ni ngumu kuvuta. Kwanza angalia kama bitana imeingia ndani ya meno. Kama haimo, piga meno mswaki mkavu, kisha sugua mshumaa au sabuni kavu pande zote mbili. Mafuta ya kupikia yaache. Yanachafua nguo na kukusanya vumbi.

Jino limetoka. Likiwa karibu na chini, shona mishono minene sita au minane kuzunguka zipu juu ya pengo, iwe kituo kipya cha kichwa. Pengo likiwa katikati, zipu imekwisha na inabadilishwa yote. Zipu za kufichwa za magauni na zipu za koti la ngozi mpe fundi: ya kwanza inataka mguu maalumu wa cherehani, ya pili haisamehe, maana tundu la sindano kwenye ngozi halizibiki.

Upindo umeachia

Kwenye magauni marefu na madera chanzo cha kwanza ni kukanyagwa, na nguo ikiendelea kuwa ndefu utashona kila wiki. Vaa viatu unavyovaa nayo, mwombe mtu aweke alama kwa chaki kuzunguka, ndipo upinde. Shona kwa kuchota uzi mmoja au miwili tu ya kitambaa cha nje, kisha sentimita moja ndani ya upindo. Mishono ikionekana nje, ulichota mno au ulikaza. Kila sentimita kumi funga kifundo kidogo: ukikanyaga tena, itafumuka sehemu hiyo tu.

Lastiki imelegea

Joto la pasi, dawa za kung'arisha zenye klorini, na umri. Lastiki iliyolegea haiponi. Kama imo ndani ya mfereji, fumua sentimita tatu, toa ya zamani, kata mpya iliyo fupi kuliko kiuno kwa sentimita tano hadi nane, ipitishe kwa pini ya kufunga, pandisha ncha mbili kwa sentimita mbili na uzishone mraba. Hakikisha haijajisokota kabla ya kufunga mfereji. Iliyoshonewa moja kwa moja kwenye kitambaa ni kazi ya cherehani.

Cherehani inaruka mishono au inafanya kiota chini

Badilisha sindano kabla ya kugusa kitu kingine. Butu au iliyopinda kidogo inatosha kuleta matatizo yote mawili. Namba 11 kwa vitambaa vyepesi, 14 kwa kitenge, 16 kwa jinzi. Hakikisha mfereji mrefu wa sindano unatazama upande uzi unaoingilia. Kiota cha nyuzi chini ya kitambaa kwa kawaida kinatokana na uzi wa juu kutoingia kwenye visahani vya kukazia: inua mguu unaobana kitambaa, tunga uzi upya tangu mwanzo, kisha ushushe. Bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, ije baadaye.

Ukisikia mlio wa chuma kugonga chuma, simama. Sindano inagusa mtambo wa chini, na kuendelea kuzungusha gurudumu kutaharibu kitu ghali kuliko sindano. Hapo anayehitajika ni fundi wa kutengeneza cherehani.

Usiguse: mpe mwenye ujuzi

Ovaroli za kuzuia moto na jaketi za kuokolea majini zisirekebishwe nyumbani hata kidogo. Uzi wa polista huyeyuka kwenye moto, na jaketi ya kuokolea iliyotobolewa kwa sindano haiwezi tena kuaminiwa na maisha ya mtu.

Kanzu iliyochanika kwenye tarizi ya shingo ipeleke kwa mshonaji wa kanzu, kwa kuwa uzi na mtindo wa tarizi hauigwi kwa mishono ya kawaida. Hariri, shifoni, mabega ya koti la suti na gauni lenye shanga vilevile. Kwenye shanga, ukikata uzi mmoja waweza kumwaga mstari mzima.

Unapompelekea fundi, fua nguo kwanza na uweke pini mahali penye kasoro, maana kasoro iliyo wazi nyumbani haionekani kwenye rundo la kazi. Kama ni zipu, pima urefu wa meno peke yake bila ncha za kitambaa, utaje kama ni ya chuma au ya nailoni, na mkubaliane bei na siku ya kuchukua kabla hujaiacha.